Orodha Iliyolaliwa na Kuku

Robhi mwanangu,

Nimekaa chini. Umeondoka hapa saa nane kwenda kumuaga shangazi yako, nikasema ngoja nifungue duka nichape zile barua za mwalimu mkuu kabla hujarudi. Nikakuta karatasi nne juu ya kibodi, umeziwekea stepla juu ili feni isizipeperushe, na kipande cha daftari chenye mwandiko wako: "Mama, nimeitoa kwenye ile mashine ya kuku. Nimeshindwa kukwambia kwa mdomo. Soma namba saba na namba kumi na moja."

Nimesoma. Yesu wangu! Mara ya kwanza nikadhani ni macho, nikavaa miwani, nikasoma tena. Mteja akaja kutoa kopi, nikamwambia umeme umekatika, na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Akaitazama feni, akanitazama mimi, akaondoka zake. Nimefunga mlango na ninaandika hapa hapa dukani, maana kalamu haishikiki. Vidole kwenye kibodi angalau vinajua njia vyenyewe.

Kesho unapanda basi la Mugumu. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomfungulia mlango usiyemjua, shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote huko uliko, yule hawezi kumwacha mtu aondoke bila kumhubiria. Mimi nina langu lingine, tena zito. Nitaliandika toka mwanzo, hata pale unapolijua kuliko mimi, kwa sababu nimewahi kulisema vibaya mbele za watu na sasa nataka likae sawasawa mahali fulani.

Nilijifunza kupiga chapa Musoma, kwenye zile mashine za kugonga ambazo ukikosea herufi unaanza karatasi upya. Nikiwa huko, mama yangu, bibi yako Wankuru, akafariki. Mvua zilikuwa kubwa, mto ukafunga barabara, nikafika siku ya nne. Walikuwa wameshamzika kule mlimani ukoo unapozika, na mvua imeshasawazisha udongo. Mzee Marwa, aliyesimamia maziko yote ya mlima ule, alininyooshea fimbo tukiwa barabarani: "Yuko kule, karibu na jiwe la kunolea." Lile jiwe kubwa ambalo wanaume walikuwa wananolea mapanga. Sikupanda. Nilikuwa nimechoka, nina hasira na mvua, nina hasira na kila mtu. Nikasema nitapanda kesho. Kesho ikawa miaka, na hata msalaba sikumwekea. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Halafu dhahabu ikaonekana. Wewe uliikuta, huwezi kujua tulivyopigwa butwaa. Watu walikuja kutoka Geita, kutoka Kenya, kutoka pwani, mpaka mahindi yaling'olewa mabichi ili pachimbwe. Jirani yetu alivunja jiko lake mwenyewe akidai chini yake kuna mwamba. Mimi nikafungua steshenari. Watu walitaka mikataba ya mashimo, maombi ya leseni, kopi za vitambulisho, na nyimbo za kuweka kwenye simu. Kompyuta ilikuwa moja, na mbele yake foleni mpaka barabarani.

Mashimo yakaanza kuusogelea mlima wa makaburi. Wazee wakaitisha ritongo, ule mkutano wa ukoo wote, wakawaita na wenye mashimo. Wakakubaliana hivi: kaburi litakaloandikwa halitaguswa. Lisiloandikwa ni ardhi tu.

Makaburi yote yalikuwa kichwani mwa Mzee Marwa. Akaja dukani siku tatu mfululizo. Mimi na foleni yangu nikakwambia wewe, ulikuwa na miaka kumi na minne, "Kaa na babu yako umwandikie." Nakumbuka alichukua kifutio chako, akakiweka katikati ya meza, akasema hilo ndilo jiwe la kunolea. Kisha akafumba macho akawa anatembeza vidole viwili juu ya meza, hatua moja, hatua mbili, anakutajia nani amelala wapi. Ukaandika sitini na wawili, moja kwa moja kwenye kompyuta. Akasema itolewe nakala moja tu. Nikamwambia, tata, baba yangu, nikutolee hata tano, sikudai kitu. Akanijibu, "Majina ya wafu siyo tangazo la mnada." Akaikunja, akaondoka nayo. Mimi sikuisoma hata mstari mmoja. Nilikuwa nauza.

Mwaka uliofuata Mzee Marwa akafariki. Walipofungua sanduku lake wakakuta mchwa wamekula nguo, wamekula Biblia, wamekula na orodha. Wakasema hamna neno, ipo kwa Mama Robhi kwenye kompyuta. Na mimi nikajibu kwa kifua mbele, "Ipo."

Kompyuta yenyewe sasa! Ilikuwa na window ya wizi, huo mfumo wenyewe unaoiendesha. Nauita wizi, maana ndivyo ilivyokuwa. Fundi kutoka Sirari alikuwa anakuja na CD yake imeandikwa kwa kalamu ya wino, anaiweka, ananiambia, "Mathe, hii ni genuine kabisa, itawork bila stress." Baada ya muda kioo kikawa cheusi na maandishi pembeni kwamba nakala hii siyo halali. Wateja wakiuliza, nawaambia nimeweka nyeusi ili isiumize macho. Na wakaniamini, wengine wakaenda kuwaambia mafundi wao wawawekee nyeusi.

Nyimbo za simu ndizo zilizotuletea virusi. Kila kadi iliyochomekwa ilikuwa na wadudu wake. Siku ile mjumbe wa ritongo akaja mbio: "Mama Robhi, wenye mashimo wamefika kwenye jiwe la kunolea, wanataka kuona orodha kesho asubuhi." Nikaifungua kompyuta. Kila faili limegeuka shotkati, jina tupu lisilofungua kitu. Nabonyeza, hakuna. Nabonyeza lingine, hakuna. Nilitoka jasho mpaka kwenye viganja.

Nikampigia fundi, akaja na pikipiki. Akatazama sekunde mbili tu. "Hapa hakuna njia, mathe. Tupige window upya." Si unajua hiyo ndiyo dawa yetu ya kila ugonjwa? Kompyuta nzito, piga window. Printa haisomi, piga window. Panya amekula waya, piga window. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza, tukipiga, vile vilivyokuwemo vinakwenda wapi.

Ndipo ukaingia na sweta la shule, begi mgongoni. Maneno yako nayakumbuka yote leo, siku ile sikuyasikia. Ulisema, "Mama, usimruhusu. Faili hazijafa, zimefichwa. Mwalimu wa fizikia ametupa hii flashi, ina mfumo mwingine unaitwa Linux. Kompyuta inawakia kwenye flashi yenyewe, cha ndani hakiguswi. Nipe nusu saa niitoe orodha, halafu yeye apige anachotaka."

Nikakuuliza, "Mmeinunua bei gani?"

"Bure, mama. Ni ya wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwingine."

Nikakuzaba kofi. Mbele ya wateja, mbele ya fundi, msichana wa kidato cha pili mzima. Nikasema, "Cha bure ni cha wizi! Unataka kuniletea polisi dukani?" Nikaichukua flashi ile, nikaenda nayo nyuma, nikaitupa chooni.

Nimekaa hapa nayatazama maneno hayo kwenye kioo na siamini kwamba ni yangu. Robhi, nilikuwa nimesimama mbele ya kompyuta yenye window ya wizi, fundi wa wizi amekaa kwenye kiti changu, nikakupiga wewe uliyekuwa na kitu pekee cha halali mle ndani. Loo! Mtu anawezaje kuwa na macho mawili na asione hivyo?

Najua nilikotoa akili hiyo, nakueleza siyo kwa kujitetea. Miaka ile ya dhahabu kila aliyetujia na cha bure alikuwa anataka kitu. Mmoja aligawa sabuni nyumba kwa nyumba, akaondoka na saini za watu, na saini zile zilikuwa za mashamba. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwahi kupewa kipande cha "dhahabu" kama zawadi ya urafiki. Kilikuwa shaba, na aliyempa akaondoka na ng'ombe wetu wawili. Basi tulijifunza kuogopa cha bure na kukiheshimu cha bei. Lakini tulijifunza nusu. Fundi wa Sirari alikuwa ananitoza kila alipokuja, na kwa sababu ananitoza nikamwona mkweli.

Akapiga window. Ikawaka vizuri, inang'aa, tupu kabisa. Nikamuuliza, "Orodha iko wapi?" Akasema, "Si umeniambia nipige?" Akavaa kofia yake akapanda pikipiki.

Asubuhi nikaenda ritongo. Njiani nilikuwa nimeshapanga kusema ukweli, Mungu ni shahidi yangu. Nilipowaona wazee wamekaa, na wenye mashimo wamesimama upande wa pili na sururu zao, na wote wananisubiri mimi, mdomo ukanigeuka. Nikasema, "Mtoto alikuwa anacheza magemu. Ameifuta."

Ulikuwa umesimama nyuma, umeletwa na wenzako kusikiliza. Mzee mmoja akaguna, akasema watoto wa siku hizi. Basi, ikawa imekwisha. Kuanzia siku ile wakakuita Robhi Futa, shuleni, kisimani, mpaka kanisani. Na jana nimemsikia muuza mkaa pale mlangoni akikutania, "Robhi Futa, unakwenda Mugumu kuwafutia na wao?" Ukacheka. Nikacheka na mimi! Mama gani mimi?

Siku ya tatu baada ya ritongo wakachimba. Nilifika mbio kijana mmoja akiwa anapanda kutoka shimoni na kiroba cha mifupa. Akanipa heshima yake, akavua kofia, akaniambia, "Shikamoo mama. Pole. Alikuwa amelala ubavu, kama mtu aliyejilaza kupumzika." Nikatazama jiwe la kunolea liko pale pale, nikakumbuka fimbo ya Mzee Marwa. Nikapiga magoti nikalia, "Ni mama yangu huyu." Hakuna aliyebisha.

Ulibisha wewe. Ulinishika bega ukaninong'oneza, "Mama, bibi mimi nilimwandika juu ya jiwe. Hapa ni chini." Nikakwambia nyamaza, umeshaharibu vya kutosha. Umeshaharibu! Wewe!

Tukazika nyuma ya jiko letu. Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba, nikapanda yale maua ya njano unayomwagilia mpaka leo. Na Bakari alikuwepo. Bakari mshonaji wa Tarime mjini, yule anayetuletea sare za shule. Baba yake, Salum, alitoka pwani akaja huku siku za mwanzo kabisa za dhahabu, na hakurudi. Bakari alihamia Tarime kwa sababu hiyo tu, amtafute. Kila mwaka alikuwa anakuja dukani nimchapie tangazo: "Natafuta kaburi la baba yangu Salum, alikuwa mchimbaji, ana pengo la mbele." Nilimchapia mimi, kwa vidole hivi, nikambandikia kwenye mlango wangu.

Siku ya maziko aliingia na sare zake akakuta msiba. Akaona kiroba. Akarudi kwenye baiskeli, akatoa jora la kitambaa cheupe, akakata kwa mkasi wake mwenyewe. Nikataka kumlipa, akakataa: "Mama wa mtu ni mama wa wote." Watu walipotawanyika akanivuta pembeni akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani dada, kwenye ile orodha hamkuwa na mgeni mmoja wa pwani?"

Nikamjibu, "Orodha haipo, Bakari. Mtoto ameifuta."

Sasa nakunakilia ulichoniachia juu ya kibodi, kwa maneno ya Mzee Marwa kama ulivyoyaandika ukiwa na miaka kumi na minne.

"Namba saba. Salum, mgeni wa pwani. Hatua kumi na nane chini ya jiwe la kunolea, kuelekea mtoni. Amelazwa ubavu wa kulia, wenzake wa dini yake ndio walitaka hivyo. Hana mtu huku, asisahauliwe."

"Namba kumi na moja. Wankuru, mama wa mpiga chapa. Hatua thelathini na mbili juu ya jiwe la kunolea, kwenye mkuyu. Binti yake hajapanda bado. Akija aoneshwe."

Akija aoneshwe. Aliyasema hayo nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka alipokaa, natoa kopi za vitambulisho vya watu nisiowajua.

Kwa hiyo mama yangu yuko juu, hajaguswa, hakuna shimo lililofika kwenye ule mkuyu. Na mtu ninayemlilia nyuma ya jiko miaka yote hii, ninayemwimbia nyimbo za kanisani kila Pasaka, ni baba yake Bakari. Na ile nguo aliyofungiwa ilikatwa na mwanawe, naye hajui.

Nilikuona Jumatatu umewafukuza kuku stoo na kuibeba ile kompyuta ya zamani, ile iliyoungua umeme wiki mbili baada ya fundi kuipiga. Nikakutania, unataka kuichinja? Ukaniambia kwamba fundi akipiga window haraka haraka vitu havifutiki vyote, ni kama nyumba iliyofutwa namba mlangoni huku vyombo bado vimo ndani. Na kwamba kwa sababu iliungua mapema, hakuna aliyeingiza vyombo vingine juu yake. Nikaitikia "ehe" nikiendelea kuchambua dagaa. Siku tatu umekaa na ule mtambo wa kuhifadhia mafaili ulioutoa tumboni mwake, umeuunganisha na laptopu yako, na hiyo Linux yako ya bure. Kwa hiyo ile kazi uliyotaka kuifanya kwa nusu saa, na mimi nikakupiga, umekuja kuifanya baada ya miaka saba. Na kuku walikuwa wanailalia.

Sasa ya Mugumu. Nilikwambia umerogwa. Kazi ya ofisi imekuja yenyewe, na kiyoyozi, ukaikataa, eti wewe na wenzako wawili wa chuo mnakwenda kufungua karakana, mchukue kompyuta kuukuu za shule mziwekee mfumo huu, mpite kila steshenari kuanzia hapa mpaka Robanda mkiwashawishi watu waache window za wizi. Nikasema nani atakusikiliza? Uliniambia habari ya wale watu wa Robanda na Natta wanaoandika kila siku tembo wamekula shamba la nani, ekari ngapi, ili wakadai haki yao, na mafaili yakaliwa na virusi na fundi akapiga window. Nilikuwa nakusikiliza kwa sikio moja. Leo nimekusikia. Yale mafaili ya mashamba ndiyo orodha ya makaburi ya wale watu.

Basi nisikilize na mimi, siyo kama mama mwenye hekima, maana hekima umeiona ilivyo. Nisikilize kama mtu aliyekuwa adui wa kitu hiki, maana ndio watu utakaokutana nao.

Usianze na neno bure. Ukisema bure, mtu wa huku anatazama mifuko yako ajue umekuja kuchukua nini. Waambie ni cha wazi. Karasha la kusaga mawe likigoma, vijana wanalifungua, wanachungulia, wanaita na jirani achungulie, na hakuna aliyewahi kuwaambia hamruhusiwi. Hilo kila mtu anaelewa. Mimi nilikuwa na kompyuta niliyoinunua, imekaa juu ya meza yangu, na sikuwa na ruhusa ya kujua ndani kuna nini, nikaona ni kawaida.

Na usidhani watu wanaipenda window. Wanaogopa aibu. Unakumbuka uliponiwekea Linux hapa dukani? Wiki ya kwanza printa ilikataa, mteja akaondoka na hasira, nikakufokea mpaka majirani wakatoka. Ukakaa chini ya meza na waya mpaka printa ikakubali. Kilichonishika siyo maneno yako, maana uliongea mengi nikayasahau. Ni kwamba ulikuwepo. Nilikuwa na wa kumuuliza, na hakunicheka. Fundi wa Sirari naye alinishika kwa hilo hilo, alikuwa anakuja nikimpigia. Kwa hiyo ukimwekea mwalimu wa Natta mfumo mpya, usiondoke na pikipiki siku ile ile. Kaa mpaka printa yake itoe karatasi. Kunywa chai yake. Mwachie nyimbo zake, usimnyang'anye vyote kwa mara moja.

Sasa cheka, nina lingine. Tangu uweke hii Linux, sijapata kirusi hata kimoja, na flashi za wanafunzi zinakuja na wadudu kama kawaida yao. Wateja wameona. Wananiuliza, Mama Robhi, hii ni window gani haisumbui? Na mimi nawajibu, "Ni window mpya, kutoka Ulaya." Jamani! Niliona haya kusema ni ya bure na imewekwa na binti yangu. Mwenye steshenari wa ng'ambo ya barabara alikuwa anahangaika kuitafuta hiyo window ya Ulaya mpaka Musoma. Umesoma, umehangaika, umetaka watu wakijue kitu hiki, na dukani kwa mama yako mwenyewe kimefichwa jina. Nimeshachapa karatasi, nimeibandika mlangoni pale yalipokuwa matangazo ya Bakari: HAPA TUNATUMIA LINUX. IMEWEKWA NA ROBHI. ULIZA UELEKEZWE. Utaiona ukirudi, usiibandue.

Orodha nimeitoa nakala kumi. Mzee Marwa anisamehe huko aliko, nakala moja ilituponza. Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji, nimemwambia Jumapili nataka ritongo. Akauliza kuna nini, nikasema kuna uongo wangu, nakuja kuuchukua. Nitasimama pale pale niliposimama, nitasema, hakuwa anacheza magemu, alikuwa anataka kutuokoa, nikampiga. Naogopa, Robhi. Naogopa kuliko siku ile. Lakini nitasema, na huyo muuza mkaa nitamtaka akae mbele.

Kisha nikampigia Bakari. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilisikia cherehani yake inakwenda.

"Dada Mama Robhi, habari za machimboni?"

Nikamwambia, "Bakari, nimempata mzee wako."

Cherehani ikasimama. Akauliza wapi. Nikamwambia, kwangu, nyuma ya jiko, miaka yote hii yuko kwangu, na ni mimi niliyekufichia bila kujua. Nikamsimulia yote, kofi, choo, ritongo, nikalia kwenye simu kama mtoto. Nikangoja anitukane.

Halafu akasema, "Kile kitambaa nilichokata siku ile. Kilimtosha?"

Nikamwambia kilimtosha, Bakari, kilimfunika mzima.

Akashukuru Mungu. Akasema kesho asubuhi anakuja na shehe wamfanyie dua na kumlaza kwa taratibu zao. Kisha akauliza orodha ameipata nani, maana aliambiwa kuna mtoto aliifuta.

Nikamwambia, "Hapana. Yule mtoto ndiye aliyeiandika."

Akasema anataka kumwona. Kwa hiyo usipande basi la alfajiri, mwanangu, panda la mchana. Bakari anakuja kumwona aliyemwandika baba yake, na mimi nataka kusimama kando yako atakapokuuliza jina.

Mama yako,
mpiga chapa.